Meno ya Mtoto Hukumbuka Maji Aliyokunywa

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa ningali katika mazoezi ya ualimu hapa Gisenyi, nilimsimamisha mbele ya darasa mtoto wa kike wa miaka minane, nikamkemea kwa kutosafisha kinywa. Meno yake ya mbele yalikuwa na mistari ya rangi ya kahawia, na mawili yalikuwa yamechimbika. Kesho yake alifika bibi yake, akanisalimu kwa adabu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mjukuu wangu husugua meno asubuhi na jioni. Ukitaka kumjua aliyeyachafua, tazama kule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mlima Nyiragongo.

Aibu ya siku ile haijanitoka, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Nyiragongo uko ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, lakini moshi wake haupiti kizuizini kuonyesha kitambulisho. Baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, ziwa la moto lilirudi katika shimo la kilele, likakaa humo likifuka gesi mpaka mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Miongoni mwa gesi hizo imo yenye floraidi. Mvua huiokota hewani, huishusha juu ya mabati, na kutoka kwenye mabati huingia katika pipa la nyumbani. Upepo huupeleka moshi huo zaidi upande wa magharibi, kwa hiyo vijiji vya kando ya Goma ndivyo vilivyopata sehemu kubwa ya madhara. Hata hivyo, familia nyingi za Rubavu zina watu pande zote mbili, na mtoto hulelewa kwa bibi au shangazi bila ya mtu yeyote kuona ajabu. Mwanafunzi wangu alikuwa amekaa ng'ambo miaka yake minne ya kwanza, akinywa maji ya mvua.

Ndugu msomaji, floraidi kidogo si adui. Huimarisha meno, na ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Zikizidi sana kwa muda mrefu, hata mifupa hudhurika. Lakini mtu mzima aliyehamia mahali penye maji hayo hatapata madoa ya meno, kwa kuwa meno yake yamekwisha kukamilika. Mtoto sivyo. Meno yake ya ukubwani hujengwa kimya kimya ndani ya ufizi tangu anapozaliwa hadi kufikia miaka minane hivi, na yale ya mbele huwa katika hatari zaidi katika miaka mitatu ya kwanza. Kisha hubaki yamejificha, yakaja kuchomoza mtoto akiwa na miaka sita au saba. Doa alilolikemea mwalimu darasani liliandikwa mtoto alipokuwa akijifunza kutembea. Mswaki hauwezi kulifuta.

Jambo hili lazigusa hasa familia za askari, ambao leo wako hapa na mwakani wamehamishiwa kwingine. Mlima wa moto si Nyiragongo peke yake. Kule Tanzania, kandokando ya mlima Meru mkoani Arusha, floraidi hutoka katika miamba na kuingia katika chemchemi na visima, na watu wengi huko wana meno ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka mingi kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Akina mama wengi huniambia: "Sisi huchemsha maji." Kuchemsha huua vijidudu, na msiache. Lakini floraidi haifi motoni. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki na kuzidi ukali. Mtoto mchanga anayenyonya ana kinga nzuri, kwani floraidi ipitayo katika maziwa ya mama ni kidogo mno hata kama mama mwenyewe hunywa maji hayo. Hatari huanza kwenye uji na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya pipa. Chai kavu nayo, ambayo baadhi yetu huwapa watoto wadogo ili watulie, huongeza floraidi, kwa kuwa mchai huikusanya katika majani yake.

Wala si meno tu yanayojengwa katika miaka hiyo. Mapafu nayo yangali yakikua, na mtoto huvuta pumzi upesi kuliko sisi, huku akiwa amefungwa mgongoni mwa mama anayepuliza imbabura jikoni pasipo dirisha. Imbabura na iwashwe nje, na usiku wa baridi isiingizwe chumbani, kwani gesi ya makaa haina harufu na huua waliolala.

Yule bibi anaishi Gisenyi sasa, na analea mjukuu mwingine wa miaka miwili. Nilimpitia mwezi uliopita. Karibu na mlango kulikuwa na jerikani mbili: ya njano, ya maji ya bomba, kwa uji wa mtoto, na ya buluu, ya maji ya mvua, kwa kufulia. Aliniuliza kama bado nakemea watoto.