Springi Ndogo Inayoamua Breki za Lori Kitonga

Lori lililobeba shehena kutoka Tunduma likifika juu ya Kitonga, mkoani Iringa, dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kisha hutupa jicho kwenye geji ya upepo. Mshale ukiwa karibu na bari 8, hushuka. Gia ndogo ni lazima, kwa sababu hakuna upepo wala springi itakayoziponya breki zilizokwisha kuchemka.

Wengi hudhani upepo ndio unaoshika magurudumu lori linapoegeshwa. Kinyume chake ndicho kweli: springi hubana, upepo huachia. Wazo hilo lina asili kwenye reli. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo, lakini bomba likikatika, treni ilibaki haina breki. Mwaka 1872 akaigeuza: upepo ukipotea, breki zinakamata zenyewe.

Kwenye lori, springi iliyo ndani ya chemba ya breki ya nyuma hukandamizwa na upepo. Chemba ya aina ya 30 ina eneo la inchi za mraba 30, yaani takriban sentimita za mraba 194. Bari 1 husukuma nyutoni 10 kwenye kila sentimita ya mraba, kwa hiyo bari 5 hutoa nyutoni 9,700, karibu uzito wa tani moja. Springi nayo husukuma kwa nguvu inayokaribia hiyo; ndiyo maana katika malori mengi huanza kubana upepo ukishuka hadi kati ya bari 5 na 4. Hilo likitokea katikati ya mteremko, magurudumu hukamatwa ghafla na lori huweza kuserereka.

Nani anahakikisha upepo haufiki huko? Ni gavana, valvu ndogo inayoipumzisha kompresa matangi yakijaa. Ndani yake upepo husukuma pistoni upande mmoja, springi huirudisha upande wa pili.

Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha milimita 20. Eneo lake ni sentimita za mraba 3.14. Ili valvu ifunguke kwa bari 8, springi lazima iwe inasukuma kwa nyutoni 251. Springi ya chuma yenye waya wa milimita 3, kipenyo cha wastani cha milimita 18 na mizunguko 8 inayofanya kazi, hudai nyutoni 17 hivi kwa kila milimita inayokandamizwa. Basi ifungwe ikiwa imekandamizwa milimita 14.6.

Sasa fundi akikosa springi hiyo akaweka inayofanana nayo, ila waya wake ni milimita 2.8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini ugumu wa springi hufuata kipeo cha nne cha unene wa waya, hivyo nguvu hupungua kwa karibu robo na gavana hufunguka kwenye bari 6. Dereva akikanyaga pedali mara chache tu, mshale unakaribia 5. Akiweka waya wa 3.2, valvu husubiri hadi kupita bari 10, na mabomba hubebeshwa mzigo yasioustahili. Kukata mzunguko mmoja nako ni hatari: springi huwa ngumu zaidi, lakini ikifupika kwa milimita 5 tu, gavana hurudi kwenye bari 6 zilezile.

Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huzua swali jingine: je, springi iliyopimwa Dar es Salaam inafaa huko? Inafaa. Upande wa pili wa pistoni umeachwa wazi kwa hewa ya nje, hivyo kinachoisukuma ni tofauti kati ya upepo wa tangi na hewa hiyo, na geji nayo hupima tofauti hiyohiyo. Kinachobadilika ni kompresa, kwani huvuta hewa nyepesi zaidi kwa karibu moja ya sita. Matangi huchelewa kujaa, na kabla ya kuuanza mteremko wa Iwambi, hukohuko Mbeya, inafaa kuyasubiri.

Mwenye lori adai springi yenye vipimo vya mtengenezaji, kisha aangalie kwa geji gavana inafunguka bari ngapi kabla gari halijatoka gereji. Na chemba ya nyuma isifunguliwe kwa spana za kawaida hata siku moja: springi yake ikifyatuka inaua.