Haidrojeni ya Moto Inakula Vyuma, na Mafundi wa Kakamega Wanafaa Kuskia Hii

Ukikaa Kakamega unajua mvua ya huku haichezi. Ezeka mabati ya bei ya chini leo, miaka michache mbele paa yote imepaka hina. Na hayo ni maji tu, tena baridi. Sasa pigia picha chuma yenye inashinda ndani ya asidi ya salfa, ile ya betri ya gari, kwa joto la digrii 850. Noma.

Mbona tujali? Mbolea, msee. Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewa unapata amonia, na amonia ndio mama wa mbolea yenye mathako hupangia laini kila msimu wa mahindi. Kenya hununua mbolea mob kutoka nje, so bei ikiruka huko, ugali inaskia hapa. Ndio maana 2023 serikali ilitoa mkakati wa haidrojeni ya kijani, na huko shamba la Morendat, karibu na Naivasha, kuna mtambo wa kutengeneza amonia kwa stima ya sola.

Lakini kupasua maji kwa stima ni doo. Ukianza na mvuke wa digrii 700 hadi 850, stima inapungua juu joto limeshafanya sehemu ya kazi. Wajapani nao wameenda mbali zaidi: wanazungusha asidi ya salfa na ayodini, joto ndio linasukuma kazi. Januari 2019, shirika lao la JAEA huko Oarai liliendesha mtambo wa majaribio masaa 150 mfululizo, ukitoa karibu lita 30 za haidrojeni kwa saa. Kidogo sana, najua. Stori haikuwa lita, ilikuwa kama mabomba yatatoboka ama yatatoboa.

Penye asidi inachemshwa waliweka seramiki ya silikoni na kaboni. Kwingine waliweka chuma yenye imepakwa glasi ndani, mbinu ileile ya kikombe cha enameli cha shosho. Na si unajua kile kikombe kikianguka kibanduke kidogo, kutu inaanzia hapo hapo? Hiyo ndio presha ya mainjinia pia.

Kupima si uchawi. Unakata kipande kidogo cha chuma, unapiga msasa, unaosha, unapima uzito kwa mizani kali ya maabara. Unakitupa kwa asidi moto masaa mia kadhaa, ama maelfu. Ukikitoa, unasafisha kutu na kupima tena. Uzito wenye umepotea unageuzwa kuwa milimita kwa mwaka. Bomba la unene wa milimita 5 likiliwa milimita 1 kila mwaka, usidhani uko na miaka 5: litapasuka mapema, juu ndani kuna presha. Halafu mizani inaweza kukudanganya. Kipande kinaweza poteza uzito kiduchu tu, kumbe kuna kashimo kamoja kamepenya hadi upande wa pili. So lazima pia ukiangalie kwa hadubini.

Stenlesi je? Hiyo huwa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, yenye inajitengenezea ngozi nyembamba ya kuzuia kutu. Fiti kwa sufuria. Kwa mvuke wa digrii 700 na juu, kromiamu yenyewe inaanza kuruka na mvuke, inaenda kuziba seli zenye zinapasua maji. Dawa moja ni kuipaka kobalti na manganizi.

Sasa mafundi wa jua kali, hapa ndio penu. Stenlesi ya kawaida ikikaa sana kati ya digrii 450 na 850 wakati wa kuchomelea, kromiamu inashikana na kaboni, na sehemu za kando ya jointi zinabaki uchi. Ndio maana geti ya stenlesi inaweza ng'aa kote, kutu ikatokea kando ya mshono pekee. Kwa maabara, kipande chenye kimechomelewa hupimwa kivyake. Na dukani, uliza stenlesi ya kaboni kidogo: namba yake huishia na herufi L, kama 304L ama 316L.