Simu ya Nyumba na Simu ya Mtu

Akina mama wengi tuliofikisha miaka arobaini na kuendelea tumeishi nyakati mbili. Tulilelewa katika nyumba zisizo na simu, na leo tunalea watoto katika nyumba ambazo kila mtu mzima ana simu yake. Hebu tugeuke nyuma kidogo, tuzitazame simu tulizozipitia, tuone kila moja ilituletea nini na iliondoka na nini.

Kabla ya simu za mkononi

Huku kwetu Mbingu, habari zilikuja kwa barua au kwa mdomo wa mtu aliyeshuka kwenye treni ya TAZARA. Mara nyingi ndugu wa mbali walipata habari ya msiba wakati mazishi yamekwisha. Mjini Dar es Salaam simu za mkononi zilianza mwaka 1994, kampuni ya Mobitel ilipofungua huduma zake. Vodacom ilifuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Bonde la Kilombero lilisubiri zaidi, maana simu bila mnara ni pambo tu.

Simu ya kwanza

Nyumbani kwetu tulinunua simu ya kwanza mwaka 2005, Ifakara. Ilikuwa Nokia 1100, aina iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Vitufe vyake vilifunikwa vizuri visiingie vumbi, na juu ilikuwa na tochi. Hadi leo simu ndogo ya namna hiyo tunaiita kitochi. Sisi wauguzi tuliifurahia mno tochi ile. Umeme ulipokatika usiku mama akiwa kitandani anajifungua, ilimulika mpaka taa ya chemli ipatikane.

Simu ile haikuwa ya baba wala ya mama. Ilikuwa ya nyumba. Ilikaa juu ya kabati, na aliyekuwa karibu ilipolia ndiye aliyeipokea. Majirani nao waliwapa ndugu zao namba yetu. Basi mtoto alitumwa mbio: "Mama anasema njoo, umepigiwa kutoka Morogoro, watapiga tena sasa hivi." Vocha tulikwangua kwa uangalifu na kutumia kwa kubana. Kubipu mara moja kulitosha kusema, "Nimefika salama." Simu ya namna hiyo haikuwa na siri, kwa sababu aliyepiga alijua kwamba nyumba nzima inasikia.

Laini mbili na pesa mkononi

Baadaye zikaja simu za Kichina za laini mbili, zenye redio na spika ya kusikika hadi kwa jirani. Bei ilishuka, na baba na mama wakaanza kuwa kila mmoja na yake. Mwezi wa Aprili 2008 M-Pesa ikaanza nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya. Hapo awali ada ya shule tulimpa dereva wa basi ndani ya bahasha, tukabaki tunaomba ifike. Sasa mama aliyeuza mpunga wake alipokea fedha kwenye laini yake mwenyewe, akazifunga kwa namba ya siri. Kwa wengi wetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na mahali pa kuweka akiba pasipo chini ya godoro. Tusiibeze hatua hiyo.

Tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na ndipo wengi tulipojifunza kubonyeza *#06# ili kujua namba ya utambulisho wa simu kabla ya kulipa dukani.

Simu janja

Simu janja imetuletea uso wa mtoto anayesoma Mwanza, kundi la VICOBA na ujumbe wa walimu. Lakini pia imeleta ukimya mezani. Kila mtu ameinamia yake. Simu hulazwa kifudifudi, hufungwa kwa alama ya kidole, na katika nyumba nyingine imekuwa chanzo cha ugomvi kuliko chumvi iliyozidi mbogani.

Matapeli nao wanatumia simu. Nani hajapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Usijibu wala usitume kitu. Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa namba 15040. Na kwa kubonyeza *106# utajua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kama kuna usiyoifahamu.

Pale simu inapookoa uhai

Kwa mama mjamzito simu ni kama dawa. Mwezi wa Novemba 2012 Wizara ya Afya ilizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambapo wajawazito na wenzi wao walipokea mafunzo kwa ujumbe wa bure kupitia namba 15001. Kisha kuna mpango wa M-mama, ulioanza mwaka 2013 katika maeneo ya Shinyanga na Sengerema na sasa umeenea nchini. Ukipiga 115 bila malipo, mhudumu huuliza dalili na kutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa gari la kawaida aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa njia ya simu.

Lakini namba ya bure haina faida kwa mama ambaye usiku ule hana simu. Nasi wa bondeni tunalijua hilo vizuri. Msimu wa mpunga watu huhamia mashambani, wakalala kwenye dungu, mbali na barabara. Baba akiondoka na simu yake, na ya mama ikiwa imezima au haina laini, damu ikianza kutoka ataita nani? Zamani nyumba ilikuwa na simu moja, lakini kila mtu alijua iko wapi. Leo simu ni nyingi, na inayohitajika huenda haipo.

Tufanye nini?

1. Turudishe simu ya nyumba. Kitochi kimoja chenye chaji, kisichofungwa, kibaki na yule anayebaki, hasa mjamzito au mwenye mtoto mchanga.

2. Tuandike namba kwenye karatasi na kuibandika ukutani: 115, zahanati, jirani, dereva wa bodaboda. Watoto nao wafundishwe kuzitumia.

3. Namba ya siri ya pesa asipewe mtoto wala wakala. Lakini mume na mke wapatane ni nani atakayeweza kutoa fedha mmoja wao akiugua ghafla.

4. Wakati wa chakula simu zote zikae kabatini, kuanzia za wazazi. Mtoto hatatii amri ambayo baba na mama hawaifuati.

5. Simu kuukuu zisiwe vichezeo. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni.

Akina mama wapendwa, hatuwezi kurudi mwaka 2005, wala hatutaki. Laini yako iwe yako, na akiba yako iwe salama. Ila jioni ya leo, kabla ya kulala, ulizeni swali moja tu nyumbani: usiku huu mmoja wetu akizidiwa, tutapiga kwa simu ipi?