Nyumba za Mji wa Dodoma na Maji ya Mvua

Chama chenye kiwanja Makole, au mahali pengine mjini Dodoma, hakina budi kujua mambo mawili kabla ya kumkabidhi mjenzi fedha za wanachama: maji ya mvua yatapita wapi, na joto litazuiwaje.

Dodoma ni nchi kame. Mvua yake, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na aghalabu huja kwa kishindo. Wataalamu wa hali ya hewa hueleza kwamba hewa iliyozidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Ndiyo maana mvua kubwa huzidi ukali, ingawa ukame hauondoki. Wakati huohuo mji umepanuka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Ardhi iliyokuwa ikinywa maji imefunikwa kwa bati, saruji na lami.

Wajenzi wa nyumba za kupangisha na kuuza wameanza kubadilika, si wote kwa moyo mmoja. Wengi huinua msingi juu ya usawa wa barabara. Hilo huiokoa nyumba moja, na maji yaliyozuiwa humwingilia jirani. Afadhali yule aachaye sehemu ya ua bila kuisakafia, akachimba mfereji na kujenga tangi. Hesabu yake si ngumu: paa la mita 100 za mraba likipata milimita 570 hupokea lita 57,000, hata robo ikipotea, hubaki lita 42,750. Tangi hilo si pambo, kwani mji hutegemea sana visima vya Mzakwe, na maji ya ardhini ya bonde la Makutupora hujazwa zaidi na miaka michache ya mvua kubwa, kama 1997/98.

Kuhusu joto, Wagogo walikwisha kulijibu kwa tembe, yenye kuta na paa la udongo mnene. Bati tupu lisilo na dari hufanya kinyume. Wapo wafungao viyoyozi badala ya kupanua upenu na kuelekeza madirisha kaskazini na kusini. Gharama ya umeme humwangukia mpangaji. Akishindwa huhama, na chumba hubaki kitupu huku mkopo wa ujenzi ukidaiwa.

Kwa hiyo Katibu ahakikishe kwamba michoro inaonyesha mfereji, tangi na upenu kabla Bodi haijatia sahihi, na kwamba mkataba unaruhusu sehemu ya malipo kuzuiliwa hadi jengo lipitiwe na msimu mmoja wa mvua.