Ndotoni kwa Luna: Adabu za Waandishi Mashabiki

Mwezi Oktoba 2010 kituo cha televisheni cha Marekani kiitwacho The Hub kilianza kuonyesha katuni ya watoto kuhusu farasi wadogo wa rangi mbalimbali, My Little Pony: Friendship Is Magic. Kampuni ya Hasbro, mwenye mali, ni mtengenezaji wa vitu vya kuchezea, na walengwa wake walikuwa wasichana wadogo. Kabla mwaka haujaisha, vijana wa kiume waliokwisha ota ndevu walikuwa wanaitazama kwa bidii, wakajiita Brony, na wake kwa waume wakaanza kuitungia hadithi zao wenyewe. Jamii za mashabiki wanaoandika ni nyingi, lakini hii inanivutia kuliko nyingine kwa sababu kwao ndoto ni mahali hasa. Pana mlango, pana mlinzi, na pana adabu za kuingilia.

Mlinzi mwenyewe ni Luna, binti mfalme wa usiku. Katika sehemu mbili za kwanza tunamkuta akiwa adui, Nightmare Moon, ambaye dada yake Celestia alimfunga mwezini miaka 1,000. Kosa lake lilianza na wivu: farasi walicheza mchana wa dada yake, kisha wakaulala usiku aliouremba yeye. Akatakaswa, akapatana na dada yake, halafu watunzi wakamwacha. Msimu wa kwanza wote hakuonekana tena. Mwaka mzima mashabiki wakawa na binti mfalme asiye na kazi, asiye na marafiki, aliyerudi nyumbani baada ya karne kumi, na hakuna aliyewaambia anajisikiaje. Mwandishi gani angeliacha pengo kama hilo? Wakamwandika. Wengine wakaanzisha utani wa kambi mbili, Solar Empire ya wafuasi wa Celestia na New Lunar Republic ya wafuasi wa Luna, wakatupiana maneno kama watani wa jadi.

Aliporejea kwenye skrini Oktoba 2011, katika sehemu ya “Luna Eclipsed”, alikuwa anazungumza kwa sauti ya ngurumo na lugha ya kizamani, watoto wakimkimbia. Kazi yake hasa ilijulikana Desemba 2012, katika “Sleepless in Ponyville”. Mtoto Scootaloo amekwenda kupiga kambi na Rainbow Dash, shujaa anayemhusudu, naye anaogopa hadithi za kutisha zinazosimuliwa usiku. Analala, jinamizi linamvamia, na humo ndotoni anakutana na Luna. Luna anamweleza kwamba zamu yake ni kupita katika ndoto za raia, na kwamba asipolikabili lile analoliogopa hasa, ndoto itarudi. Analoliogopa si jini wala giza. Anaogopa Rainbow Dash ajue kwamba yeye ni mwoga.

Hapo waandishi mashabiki walipata uwanja. Sheria kuu ya jamii yao inaitwa kanoni, yaani yale yaliyoonyeshwa kwenye katuni yenyewe. Chini yake kuna fanoni, mambo ambayo mashabiki wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe mpaka yakawa kama kweli. Ukivunja kanoni hutozwi faini, ila unatakiwa kutangaza mlangoni, kwa lebo juu ya hadithi, kwamba huu ni ulimwengu mbadala. Ndoto inakupunguzia masharti. Ndotoni aliyekufa anasema, maadui wanaoana, mji unateketea, na asubuhi kanoni iko palepale, haijaguswa. Kwa hiyo waandishi wageni hukimbilia huko kwanza. Ni kiwanja cha wazi kisicho na hati.

Ndipo wanapokutana na mwiko mkubwa: usimalize kwa kusema kumbe ilikuwa ndoto.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hili. Aliyesahihisha insha za shule za msingi amekutana na yule simba aliyemrukia mwanafunzi, mwanafunzi akapiga ukemi, akagutuka kitandani jasho likimtiririka. Walimu wamelipigia kelele jambo hilo, na halifi. Wamarekani nao wana kumbukumbu yao. Mwaka 1986 tamthilia ya Dallas ilimrudisha Bobby Ewing, aliyekwisha kufa, kwa kumtokeza bafuni akioga, na msimu mzima uliotangulia ukageuzwa ndoto ya aliyekuwa mkewe. Watazamaji wanalicheka hadi leo. Wapo pia mashabiki wanaoufanya ugonjwa huo kuwa nadharia: kwamba Ash wa katuni ya Pokémon yuko katika usingizi wa kupoteza fahamu tangu sehemu ya kwanza ya mwaka 1997, na matukio yote yaliyofuata anayaota. Ukishakubali hivyo, hakuna jambo lenye uzito tena. Pikachu mwenzake akifa au akipona ni mamoja.

Mwiko huu hauhusu ufundi peke yake. Hadithi za mashabiki wa Magharibi, kwa desturi, haziuzwi. Ni zawadi, kwa sehemu kwa kuwa wahusika ni mali ya mtu mwingine na fedha huita wanasheria. Mwandishi hulipwa kwa kusomwa na kwa maoni. Zamani ilikuwa lazima kuanza na tangazo kwamba wahusika si wangu na sipati hata senti. Japani wana mwenendo wao: kwenye maonyesho ya Comiket ya Tokyo, yaliyoanza Desemba 1975, mashabiki huuza vitabu vyao waziwazi na wenye mali mara nyingi hufumba macho. Lakini mahali ambapo malipo ni machozi ya msomaji, anayemliza kwa sura arobaini kisha akamwamsha kitandani amemdhulumu. Kwa hiyo hadithi ya ndoto hutangazwa mapema. Msomaji aingie akijua.

Mila hizi ni za zamani kuliko intaneti. Jarida la kwanza la mashabiki wa tamthilia ya anga ya Star Trek, Spockanalia, lilitoka mwaka 1967, na ni katika majarida ya namna hiyo, mwaka 1973, ambapo Paula Smith aliandika kichekesho kuhusu Mary Sue, msichana mdogo kuliko wote chomboni na hodari kuliko wote, anayependwa na kila mtu. Jina hilo limebaki kuwa fimbo ya kumchapia mwandishi aliyejiandika mwenyewe akajipamba. Na ndoto ni maficho mazuri sana ya Mary Sue. Kijana analala chumbani kwake Marekani, anaamka katika nchi ya farasi, na kwa muujiza farasi wote wanamhitaji yeye. Hadithi za aina hiyo ni nyingi kiasi cha kuwa na jina lake.

Mengine ni adabu za kawaida. Mtu hutumia jina la kalamu, na kulifichua jina lake halisi ni uovu usiosameheka. Rasimu hupelekwa kwanza kwa msomaji wa kujitolea aitwaye beta. Kwenye Fimfiction, maktaba ya hadithi za farasi hawa tangu 2011, wasimamizi hukagua hadithi kabla haijatoka. Hifadhi kubwa ya mashabiki wa kila aina, Archive of Our Own, ina watu wa kujitolea wanaopanga lebo tu. Mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, ya fasihi ya kisayansi na njozi, na waandishi wengi waliokuwa wakichekwa na ndugu zao walitembea kifua mbele.

Ndoto iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, walitunga watunzi wa katuni wenyewe. Katika “Do Princesses Dream of Magic Sheep?” ya 2015, kitu kiitwacho Tantabus kinahama ndoto hadi ndoto kikizichafua. Baadaye Luna anakiri kwamba amekiumba yeye. Alikiumba kimletee jinamizi kila usiku, kiwe adhabu yake kwa yale aliyoyafanya alipokuwa Nightmare Moon. Kadiri anavyojilaumu ndivyo kinavyonenepa. Mji mzima unaingizwa katika ndoto moja ili kupambana nacho, na hapo kuna vichekesho: Big Macintosh, dume la miraba minne lisilopenda kusema, linajiota kuwa binti mfalme mwenye mabawa na pembe. Lakini vita haviishi kwa nguvu. Vinaisha Luna anapokubali kujisamehe. Kila mtu anaamka, na Luna aliyeamka si yule aliyelala.

Waandishi mashabiki walio makini wameshika njia hiyo hiyo, wakauliza maswali ambayo katuni ya watoto haiwezi kuyauliza. Anayeingia katika ndoto za watu ameomba ruhusa kwa nani? Anayajua ya kila nyumba, anawasalimuje sokoni? Naye akiota, nani anampitia?

Swali la mwisho katuni ililigusa yenyewe mwaka 2017, katika “A Royal Problem”, dada hao wawili walipobadilishana kazi na Celestia akajaribu zamu ya ndoto. Humo anakutana na sura yake mwenyewe iliyoharibika, Daybreaker, jua katili. Wale wa New Lunar Republic walikuwa wameshalitania jua la namna hiyo miaka sita kabla.

Katuni ilimalizika Oktoba 2019, Celestia na Luna wakastaafu, na Hasbro imekwisha hamia kizazi kingine cha farasi. Luna bado anaandikwa. Basi ukimkuta binti yako au mpwa wako usiku anachapa kwenye simu hadithi ya farasi wenye mabawa, usimwambie anapoteza wakati. Muulize tu kama ameshawaambia wasomaji wake, tangu mwanzo, kwamba wanaingia ndotoni.