Miungu ya Roma, Vina vya Mtambwe

Miaka ya mwisho ya utawala wake uliokoma mwaka 192, Kaizari Commodus alitoa sarafu zinazomwonesha kajifunika ngozi ya simba kichwani. Hata asiyejua kusoma alielewa: ngozi ile ni ya Hercules, shujaa wa ngano aliyemuua simba wa Nemea. Kaizari alikuwa akijitangaza kuwa ndiye Hercules. Miaka themanini hivi baadaye, Kaizari Aurelian naye akamweka kwenye sarafu zake Sol, mungu jua, mwenye taji la miale.

Tuje kwetu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kaskazini mwa Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na chache za dhahabu. Zile za fedha ni ndogo mno, wala hazina sura ya mtu, mnyama au mungu. Chukua ya mtawala Ali bin al-Hasan: upande mmoja jina lake kwa hati za Kiarabu, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zina kina kimoja. Ukiigeuza mkononi, umesoma ubeti.

Kukosa picha si uhaba wa ufundi. Tangu Khalifa Abd al-Malik aondoe sura kwenye dinari mwishoni mwa karne ya 7, maandishi ndiyo yaliyobeba heshima ya sarafu za Kiislamu. Roma na Mtambwe zilijibu swali moja: mtawala huyu nguvu zake kazitoa wapi? Commodus alijivika uungu. Ali alijiweka chini ya Mola wake, kisha akaonesha umahiri wake kwa vina.

Sarafu hizo za fedha hazina mwaka. Zilizotegua kitendawili ni zile za dhahabu, dinari za makhalifa wa Fatimiya zilizofukiwa pamoja nazo, kwani zenyewe zina tarehe, na ya karibuni zaidi ni ya 1066. Neville Chittick, mchimbuzi wa Kilwa, alikuwa amemweka Ali karibu na mwaka 1200. Dinari zile zikamrudisha Ali nyuma zaidi ya karne nzima.

Kwa hiyo, ewe mkulima au mvuvi, ukikuta sarafu ya kale usiisugue kwa ndimu wala mchanga, na usiiuze. Iache ilipo pamoja na vilivyo jirani yake, kisha uwaarifu wahusika wa mambo ya kale. Ikishatengwa na wenzake, haina tena wa kuitolea ushahidi.