Bembezi la Mto Tana

Garsen, kwetu Wapokomo wa Mto Tana, ikitajwa redioni, ujue ni mafuriko au mapigano. Wasafiri wa Lamu hutuuliza kama njia ni salama, wakapita. Wanatujua kwa ndizi na mamba, basi. Na muziki wa Pwani? Watakutajia taarabu, au Jambo Bwana ya Them Mushrooms. Kumbe hao hao wamekua wakisimama wima chini ya bendera, Jumatatu na Ijumaa, wakiimba sauti ya mama wa Kipokomo.

Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop na Mchungaji Thomas Kalume, iliujenga wimbo wa taifa wa Kenya juu ya bembezi letu, lile ambalo Mzee Meza Morowa Galana anatajwa kuwa ndiye aliyewaimbia. Likavalishwa tarumbeta likawa la gwaride. Lakini linazaliwa wapi bembezi? Mtazame mama jioni: mtoto mgongoni, leso imekazwa kifuani, visigino havibanduki chini, kiuno tu kinakwenda huku na huku. Mkono unapiga taratibu matako ya mtoto. Sauti inashuka kila mwisho wa ubeti hadi ibaki pumzi, na mtoto akikaidi anatishwa kwa fisi. Hakuna haraka humo.



Bembezi lipo bado; kinachoniuma ni ngoma. Mwaribe na kithoko ziliufuata mto. Maji ya Tana yalipofurika kwa wakati wake, mpunga ulipandwa, ndege wakawingwa, mavuno yakaja na usiku wa kucheza ukaja nayo. Ngoma zikaoteshwa moto mpaka ngozi ilie. Tangu mabwawa yazibe mto huko juu, lile la Masinga likiwa la mwaka 1981, mafuriko hayana tena miadi: mwaka huu haba, mwaka ujao yanazoa nyumba. Mtu asiyevuna atacheza nini? Wanaosema vijana wetu wamependa magitaa na disko wakaitupa mila hawajaliangalia shamba.

Na ngadzi je? Hiyo haikuwa ngoma ya kuchezewa. Ilitunzwa msituni na wazee waliokula kiapo, na sauti yake ndiyo iliyowaita watu na kuwaweka pamoja. Wakoloni waliinyang'anya mwanzoni mwa karne ya 20, nayo mpaka leo imewekwa stoo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wamisionari nao walitufundisha kuiona kama miungu ya uongo. Mimi ni mtoto wa kanisa, na ninakataa: lile lilikuwa baraza letu, mahakama yetu.

Jamaa za walioitunza wamekwenda London, wakaiona, wakarudi mikono mitupu. Wamekwenda kama wageni wa kawaida. Serikali inayopigiwa sauti yetu kila rais akisimama ndiyo inayopaswa kwenda kuidai.